Ngurumo za jeti zisikike vipi Isiolo?

KILA sikukuu ya kitaifa inapoadhimishwa nchini Kenya, umati huinua macho angani kungojea ndege za kivita zipite kwa mpangilio na kuacha ngurumo nyuma yake. Wakazi wa Isiolo wanazijua ndege hizo kwa ujirani. Kambi ya Jeshi la Angani ya Laikipia, mjini Nanyuki, iko kilomita 80 hivi kutoka kwao, na kwa F-5 huo ni mwendo wa dakika chache tu.

Sarakasi za jeti zilishamiri katika mataifa makubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza iliunda kikosi cha Red Arrows mwaka 1964, na kuanzia msimu wa 1980 kikawa kinatumia ndege aina ya Hawk. Kenya, iliyoanzisha Jeshi lake la Angani Juni 1, 1964, ilipokea F-5 kutoka Marekani mwaka 1978 na kisha ikanunua Hawk 12 kutoka Uingereza. Kwa vifaa, basi, haikuwa nyuma sana.

Kilichovunjika ni imani. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa angani walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Marubani wa Nanyuki walioshurutishwa kwenda kushambulia Nairobi waliishia kudondosha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force chini ya usimamizi wa jeshi la nchi kavu, na jina lake la awali halikurejeshwa hadi mwaka 1994.

Kikosi cha sarakasi huhitaji marubani walioruka pamoja kwa muda mrefu, mafuta na vipuri vya kutosha, na serikali isiyowashuku askari wake. Katika miaka hiyo 12, ni vigumu kuona serikali ingetoa wapi nafasi ya mchezo wa namna hiyo. Maonyesho yaliyofuata, yakiwamo ya Mei 2022 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, yanaashiria kwamba jeraha hilo limepona.

Hata hivyo, Isiolo ina kumbukumbu nyingine. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliacha familia bila mifugo, na sheria za hali ya hatari kaskazini ziliondolewa mwaka 1991 tu. Karibu na hapo, Archer's Post, wafugaji wamewahi kuuawa na kujeruhiwa na mabaki ya silaha za mazoezi. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa fidia. Kwa mama aliyepoteza mtoto malishoni, kishindo cha silaha si burudani.

Aidha, Uwanja wa Ndege wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017, una njia ya kurukia ya mita 1,400 hivi, fupi mno kwa ndege kubwa za kusafirisha nyama ng'ambo.

Hapana ubaya taifa kujivunia marubani wake. Lakini anayelipia mafuta ya jeti ni mlipa kodi, akiwamo mfugaji wa Isiolo. Siku anga itakapomletea soko na usalama wa mifugo yake, naye ataitazama F-5 ikipinduka mawinguni na kupiga makofi.