Kukata Pingili Si Kutengeneza Cheni

Bwana mkulima, nawe bibi, tazameni cheni ya baiskeli yenu kabla ya kusoma zaidi. Kama imelegea hata inagonga kifuniko chake, najua mtakalofanya. Mtaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, naye atakata pingili mbili, ataunga tena, na mtamlipa. Mtaondoka mkifurahi kwa kuwa imekaza. Mimi nasema mmelipa fedha ili mali yenu iharibiwe.

Hapa kwetu Kisaju, kwenye barabara ya kwenda Namanga, jambo hili twaliona kila siku. Wakati wa kiangazi kuna vumbi laini linaloingia kila mahali, na mvua ikinyesha udongo mweusi hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ninyi wa Mwea mwaujua vizuri udongo wa namna hiyo. Kweli, siku hizi pikipiki ni nyingi, lakini mwenye mitungi mitatu ya maji ya lita 20 kwenye keria bado hutumia baiskeli yake, maana haili petroli. Mitungi mitatu ni kilo 60 za maji. Mzigo huo wote, pamoja na uzito wako wewe mwenyewe, huvutwa na cheni moja.

Watu husema kwamba cheni iliyolegea imevutika kama mpira. Sivyo. Cheni ya namna hii ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza. Katika kila kiungo mna pini inayozunguka ndani ya mrija mdogo wa chuma, na juu ya mrija huo kuna kigurudumu kinachokaa kati ya meno. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, nalo huila pini na mrija huko ndani ambako jicho halifiki. Kila kiungo hulika kidogo sana, lakini viungo ni zaidi ya mia moja, na vikijumlishwa ndipo mwaona cheni inaning'inia.

Sasa fikirini kazi ya yule fundi. Amefupisha cheni, lakini nafasi kati ya pini na pini imebaki ile ile ndefu. Meno ya baiskeli yamechongwa kwa nafasi ya nusu inchi. Cheni iliyolika haikai tena chini kati ya meno. Hupanda juu na kuyasaga, mpaka yanapinda kama mundu. Basi kila pingili unayokata yakuongezea siku za kula meno, na friwili na gurudumu la meno la mbele ni ghali kuliko cheni.

Pimeni, msikisie. Chukua futi ya chuma ya seremala, ukaze cheni, uhesabu pingili 24 kutoka katikati ya pini moja. Zikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni nyingine sasa, na meno yako huenda yakapona. Zikizidi kwa 1/8, umechelewa. Tazama na meno pia. Asiye na futi aitundike cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja, zenye pingili sawa, aone ipi inafika chini zaidi.

Jirani yangu mmoja alichelewa hivyo. Alinunua cheni mpya, akaifunga juu ya friwili iliyokwisha. Kila alipokanyaga kwa nguvu, cheni iliruka meno. Akamrudia mwenye duka kwa ukali, akisema ameuziwa cheni mbovu, kisha akairudisha ile ya zamani iliyokatwa pingili mara mbili. Asubuhi moja kijana wake alikuwa akivuka barabara ya lami na maziwa, akasimama juu ya pedali ili apite upesi mbele ya lori. Cheni ikaruka. Kijana alianguka katikati ya barabara. Dereva alifunga breki kwa wakati, namshukuru Mungu, lakini maziwa yote yalimwagika. Cheni ile mpya haikuwa na kosa lo lote. Ilitaka friwili mpya tu, na fundi mwenye kifaa cha kufungulia angaliweza kuibadilisha mara moja.

Mkifunga cheni mpya, angalieni klipu ndogo ya kiungo. Upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, na upande wenye mdomo ubaki nyuma, la sivyo siku moja itachomoka njiani. Vuta gurudumu la nyuma mpaka cheni, katikati yake, icheze kama nusu inchi juu na chini. Zungusha pedali polepole, kwa sababu gurudumu la meno lililopinda kidogo hukaza mahali pamoja na kulegeza mahali pengine. Pima pale palipokaza zaidi. Gurudumu likae sawa katikati ya vyuma, kaza nati zote mbili, kisha tazama breki za nyuma, kwani gurudumu likisogea mpira wa breki huenda usiguse rimu vizuri.

Juu ya mafuta nitasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Ile oili nyeusi iliyotolewa katika injini, ambayo twapewa bure gereji na kuimwaga juu ya cheni, ina uchafu na unga wa chuma ndani yake, tena hushika vumbi. Tumia mafuta safi. Futa cheni kwanza kwa kitambaa, tia tone moja katika kila kiungo, zungusha, kisha futa tena nje mpaka mkono wako usichafuke sana. Wakati wa kiangazi mimi hufanya hivi kila Jumamosi, na baada ya matope siku hiyo hiyo.

Na cheni ya zamani msimpe fundi. Yangu imefunga lango la zizi la ndama mwaka wa pili sasa.