"Pick" na "Pick Up" katika Stesheni ya Tabora
Barazani Unyanyembe, na Mwana Kwihara

Aghalabu katika stesheni ya Tabora, treni ya Dar es Salaam inapokaribia, utamsikia kijana aliyesoma akimwambia mwenziwe katika simu, "I am coming to pick you", na mwenziwe akafahamu bila taklifu, ilhali Mwingereza, ambaye kwake "pick" tupu ni kuchuma tunda au kuchagua, angalingoja neno dogo "up" ndipo atambue kwamba anafuatwa. Kijana huyo huyo jioni atalalamika kwamba hawezi "to cope up with" gharama za maisha, akakipachika kitenzi cha watu mkia usiokuwa wake.

Wako wanaosema kuwa huu ni uvivu tu. Mimi siafikiani nao, kwa kuwa usuli wa jambo hili umo katika sarufi yetu wenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyeishika njia ya Bagamoyo hadi Unyanyembe na kutoka hapa hadi Ujiji, alijitwika mzigo alfajiri na kuutua kambini, wala hakuhitaji kutaja juu wala chini, maana mwelekeo ulikwisha kukaa ndani ya kitendo chenyewe. Kadhalika anayehama Urambo akahamia Tabora, irabu moja humtimizia kazi ambayo Mwingereza huigawia "out" na "in". Basi aliyelelewa katika lugha hii huyaona maneno hayo madogo kuwa ni pambo, akayadondosha au kuyazidisha apendavyo.

Kumbe humo ndimo ilimo maana. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza; na mwombaji anayeandika kwamba "is looking after a job" amejitangaza kuwa mlezi wa kazi asiyokuwa nayo.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora School tangu 1937, akarudi baada ya Makerere kufundisha St. Mary's papa hapa, alikimiliki Kiingereza hata akaifasiri tamthilia ya Shakespeare, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1963. Sidhani kwamba umahiri wa namna hiyo hupatikana kwa kukariri orodha ya vitenzi usiku wa kuamkia mtihani.

Enyi walimu wa sekondari, ziacheni orodha hizo. Mpeni mwanafunzi sentensi nzima, kisha muulizeni kwanza kwa Kiswahili: huyu anahama, au anahamia?