Bunia: Noeli ya watoto wahami si bonboni na picha

Kila mwezi wa 12, magari yanaingia katika kambi za wahami hapa Ituri na bonboni. Watoto wanapanga mstari, wanapigwa picha, magari yanaondoka. Hiyo si sikukuu!

Mama aliyekimbia vita Djugu hakusahau kupika mandazi. Alichopoteza ni unga, mafuta, sukari na makala. Mpeni hivyo, akande pamoja na watoto wake kama alivyofanya kijijini. Bonboni inaisha mdomoni. Mtoto aliyekanda unga anabaki na ujuzi, tena anampelekea jirani sahani kwa mikono yake. Siku hiyo naye anatoa, hapokei tu.

Wakubwa wetu, acheni kamera nyumbani. Na mulete unga tarehe 23, si 25 mchana: mandazi yanahitaji muda wa kuumuka.