Kabla Uitwe Tiffany, Angalia Jina la Kwenu

Wasee, leo naongea na madada zangu transjenda, na pia na wale jamaa wanaovaa gauni wikendi tu na wangependa kuitwa jina lingine wakiwa wamelivaa. Swali mnaloniuliza sana ni moja: "Nijiite nani?" Halafu kabla nijibu, mnanitumia orodha. Chanel, Tiffany, Bella, Kylie. Ni majina mazuri, sina ubaya nayo. Lakini maoni yangu ni haya: kabla uende mbali hivyo, angalia lugha ya kwenu kwanza. Pengine jina lako la kike limekuwa hapo tangu uzaliwe.

Mimi naitwa Atieno. Nilizaliwa usiku, wakaniita Otieno. Usiku niliozaliwa haujabadilika, ni herufi moja tu.

Na si sisi Wajaluo peke yetu. Ochieng na Achieng wote ni wa jua. Ukienda kwa Wakalenjin, Kibet na Chebet wote walizaliwa mchana, na Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Kwa Wabukusu, Wafula na Nafula ni mvua, Wekesa na Nekesa ni mavuno, Wanjala na Nanjala ni njaa. Pwani kuna Jamil na Jamila, Rashid na Rashida. Wakikuyu hawabadilishi herufi, lakini wana mpangilio: msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Kwa hivyo kama wewe ni Mkikuyu, unajua kabisa ungeitwa nani. Hapo tu nakuomba uende polepole, kwa sababu jina la cucu ni la familia nzima. Tafuta shangazi mmoja anayekupenda, ongea naye kwanza.

Najua kuna mtu atasema haya mambo ya kubadilisha jina ni ya wazungu. Kwani? Hapa Kenya nani hajawahi kubadilishiwa jina? Ukibatizwa unapewa jina. Ukisilimu unachukua jina. Ukizaa mtoto anaitwa Brayo, mtaa mzima unakuita Mama Brayo na lako linasahaulika. Na kwetu, zamani mtoto mchanga akilia usiku kucha bila kunyamaza, wazee walikuwa wanataja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, mpaka afikiwe yule anayemtaka. Jina likipatikana, mtoto ananyamaza. Hao wazee walijua kwamba mtu anaweza kulia kwa sababu ameitwa jina lisilo lake. Mimi nililia miaka kumi na tisa.

Sasa, kuna wenzetu ambao jina la kwao lina uchungu. Umefukuzwa nyumbani, hilo jina ulilisikia mwisho ukirushiwa nguo zako nje. Mwingine anahitaji jina lisilofanana kabisa na la zamani, ndiyo watu wabaya wasimtambue. Dada, kama usalama wako uko kwa Tiffany, kuwa Tiffany, na asikuambie mtu kitu. Shida yangu iko pengine. Naona wengi wakichagua jina la mbali kwa sababu wameaminishwa kwamba kwa lugha ya mama zao hakuna nafasi ya mtu kama wao. Hilo nakataa. Nafasi iko.

Mathe wangu alichukua miaka miwili. Kwanza aliacha kuniita jina lolote, nikawa "nyathina" tu, mtoto wangu. Halafu jioni moja akaniita kutoka jikoni, "Atieno, chai iko tayari," kwa sauti ya kawaida kabisa. Sidhani ningeitwa Kylie angefika hapo. Ulimi wake haungekubali. Atieno alikuwa anajua kulisema, amewaita watoto wa majirani hivyo maisha yake yote.

Ukishapata jina, lijaribu kabla hujaliweka popote. Mwambie rafiki akuite kwa nguvu stage ya matatu, uone kama unageuka bila kufikiria. Mwambie anayekusuka alitumie siku nzima. Likikuchosha baada ya wiki, liache. Hakuna haraka. Na wewe wa gauni la wikendi, jina lako halihitaji wakili wala maelezo. Marafiki wakilijua, limetosha.

Lakini kama unataka jina la kuishi nalo, usiishie kwa marafiki. Ukimlipa mtu wa boda kwa M-Pesa, jina linalomfikia ni lile ulilosajili. Umeshuka ukiwa dada, simu yake inamwambia ni Otieno, na uko kwa kichochoro saa tatu usiku. Ndiyo maana karatasi ni muhimu. Sheria inakuruhusu: unatia sahihi hati ya kubadilisha jina mbele ya wakili, inasajiliwa, inachapishwa kwa gazeti rasmi la serikali, ndipo unaenda kuomba kitambulisho kipya. Ujue tu kwamba jina na alama ya jinsia ni vitu viwili. Kubadilisha jina peke yake hakubadilishi ile alama.

Na usifikirie wewe ni wa kwanza. Audrey Mbugua alifanya KCSE mwaka wa 2001, na cheti chake kikabaki na jina la kiume ambalo hakuwa analitumia tena. Aliipeleka KNEC kortini. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya, chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Jaji hakuona jinsi ile alama inavyohusiana na gredi aliyopata. Ukiwa umesimama kwa foleni na makaratasi yako, kumbuka kuna dada alipita hapo kabla yako, na alishinda.

Mwisho, nyinyi marafiki. Mna rafiki anaitwa Kaparo na hamjawahi kuona kitambulisho chake. Mwingine mnamwita Fundi na hajui hata kushika nyundo. Hamkuwahi kuwauliza cheti. Basi dada akikuambia anaitwa Nafula, mwite Nafula. Ukikosea, sema pole, rudia vizuri, endelea na stori. Haikugharimu kitu, na hujui amelitafuta hilo jina kwa muda gani.