Jiwe Linalokumbuka Kaskazini



Juzi nilimpeleka binti yangu makumbusho. Ukutani palikuwa na chati ya historia ya sumaku ya Dunia, milia myeusi na myeupe. Vipindi virefu vina majina ya wanasayansi: Brunhes, Matuyama, Gauss, Gilbert. Halafu, kwenye mstari mmoja mwembamba mweusi: Olduvai. Binti akaniuliza, "Mama, hapo si karibu na kwa bibi?" Jamani! Ndiyo. Bibi yuko Karatu, jirani na Ngorongoro.

Basi nikaenda kusoma. Lava ikitoka kwenye volkano ni ya moto mno, haishiki sumaku. Ikipoa chini ya nyuzi 580 hivi, chembe za madini ya magnetaiti zilizomo ndani hufuata uelekeo wa sumaku ya Dunia ya wakati ule, na zinabaki hivyo. Yaani ni dira iliyoganda. Dira hizo ndizo zilizofichua kwamba kaskazini na kusini ya sumaku zimebadilishana mara nyingi, mara ya mwisho zaidi ya miaka 770,000 iliyopita.

Mwaka 1963, Grommé na Hay walichapisha vipimo vya lava ya bonde hilo. Wamaasai wanaliita Oldupai, jina la mkonge pori. "Olduvai" ni masikio ya wageni. Enzi ile sumaku ilikuwa imegeuka, dira ingeonyesha kusini, lakini lava ile ilielekea kaskazini kama leo. Kipindi hicho kifupi, takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, kikapewa jina la bonde. Leo wanasayansi wanakitafuta hata kwenye matope ya chini ya bahari.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya mikono. Kabla ya kutoa kipande mwambani, mtafiti anakichora alama: juu ni wapi, kaskazini ni wapi. Akisahau, jiwe bado linakumbuka, ila hakuna atakayejua lilielekea wapi.

Mimi nina sauti za bibi kwenye simu, hadithi za saa nzima. Hazina tarehe. Anataja watu nisiowajua, vijiji nisivyovijua. Nimezing'oa bila alama, na bibi ana miaka 86.

Jumapili nampigia, tuzisikilize pamoja, nimuulize moja moja. Na wewe je, za kwenu umeziwekea alama?