Wiki ya sita kliniki, mtoto avuliwe nguo

Mtoto wa Mamboya, wilayani Kilosa, anapofikishwa kliniki akiwa na umri wa wiki 6, hupimwa uzito, huchomwa chanjo, huandikiwa tarehe ya kurudi, kisha mama humfunga mgongoni na kushika njia. Mara nyingi mno hakuna anayemvua nguo zote akamwangalia kisogoni, kidevuni, kiunoni na matakoni. Tunaukemea uzembe huo bila kumung'unya maneno, kwa sababu kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndipo uvimbe wa mishipa ya damu uitwao hemanjioma hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Serikali imekwisha kumleta mtoto mbele ya muuguzi kwa ajili ya chanjo. Kumwacha aondoke bila kuangaliwa ni kosa lisilo na udhuru wa fedha.

Hemanjioma ndiyo uvimbe unaoongoza kwa watoto wachanga duniani. Huonekana kwa watoto kati ya 4 na 5 katika kila 100, wasichana zaidi ya wavulana, na hasa waliozaliwa njiti au na uzito pungufu. Siku ya kuzaliwa huenda pasionekane kitu, au paonekane kidoa kilichopauka tu. Wiki chache baadaye ngozi inavimba na kuwa nyekundu, au, uvimbe ukiwa chini ya ngozi, unatokeza kama nundu laini yenye rangi ya samawati iliyofifia. Mtoto akifikisha miezi 3, uvimbe huo huwa umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wote. Baada ya mwaka wa kwanza huanza kusinyaa polepole.

Kwa kuwa husinyaa, wengi huambiwa: "Litaisha lenyewe, mama, usihangaike." Kwa watoto wengi ni kweli. Lakini kauli hiyo inapotolewa kwa kila mama, bila kuangalia alama ilipo, inageuka kuwa hukumu dhidi ya wachache ambao hawana muda wa kusubiri. Uvimbe wa kope huweza kulifunga jicho hadi ubongo ukashindwa kujifunza kuona kwa jicho hilo. Ulio kwenye mdomo au mkunjo wa matako huchanika, huwa kidonda na kumnyima mtoto usingizi. Alama zilizotanda sehemu za ndevu, kidevuni na shingoni, zinaweza kuwa na nyingine ndani ya njia ya hewa, na mtoto anayekoroma akiwa macho hapaswi kurudishwa nyumbani na dawa ya mafua.

Hapa ndipo panapoingia suala la picha za uchunguzi, na hapa ndipo mfumo wetu unapochelewa mpaka gharama inapanda. Si kila alama inahitaji mashine. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unasema wazi kwamba hemanjioma ya kawaida hutambuliwa kwa macho na maelezo ya mama, na haihitaji kupigwa picha. Kwa hiyo anayempeleka kila mtoto mwenye doa kwenye CT Scan anakosea pia: anamchoma mnururisho mtoto wa wiki chache na kumtoza mzazi bila sababu. Picha ya kuanzia ni altrasaundi yenye dopla. Haina mnururisho, haihitaji dawa ya usingizi, na inaonyesha damu inavyokimbia. Hemanjioma inayokua huwa na damu inayopita kwa kasi, ilhali kasoro nyingi za mishipa ya vena damu yake hujikokota, na mifuko ya maji ya limfu shingoni haina mkondo wa damu ndani yake. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwa maana tiba zake haziko sawa.

Mtoto mwenye hemanjioma 5 au zaidi kwenye ngozi anapaswa kupigwa altrasaundi ya ini, kwa sababu uvimbe wa aina hiyo ukiwa mwingi ndani ya ini unaweza kuulemea moyo. Mwenye alama kubwa iliyotanda upande mmoja wa uso anahitaji kipimo cha moyo pamoja na MRI ya kichwa na shingo, ili kujua kama mishipa ya ubongo ni salama. Vipimo hivyo vinatakiwa vitangulie dawa ya kusinyaza uvimbe, wala visingoje matatizo.

Tunaomba msomaji aupe uzito wa pekee uti wa mgongo. Alama kubwa ya mishipa katikati ya kiuno, juu ya mfereji wa matako, huweza kuwa dalili kwamba uti wa mgongo umenaswa chini yake. Katika miezi ya mwanzo pingili za mgongo bado hazijakomaa kuwa mfupa mgumu, kwa hiyo mawimbi ya altrasaundi hupenya na mtaalamu akauona uti wenyewe. Mtoto akikaribia miezi 6, mifupa imekwisha kukomaa na altrasaundi haioni tena vizuri. Kuanzia hapo inabaki MRI, ambayo kwa mtoto wa umri huo kwa kawaida hudai dawa ya usingizi na mtaalamu wa kuitoa. Kuchelewa kwa miezi michache kunakigeuza kipimo cha wilayani kuwa safari ya hospitali kubwa. Hata MRI yenyewe ina ahueni yake kwa anayewahi: kichanga wa wiki chache aliyenyonyeshwa akashiba na kuviringishwa vizuri anaweza kulala mwenyewe hadi picha ikamalizika.

Lipo pia baka bapa la rangi ya damu ya mzee, ambalo mtoto huzaliwa nalo na halisinyai kamwe. Huwapata watoto wapatao 3 katika kila 1,000, na mwaka 2013 watafiti walibaini kuwa linatokana na badiliko la jeni iitwayo GNAQ linalotokea mtoto akiwa bado tumboni. Basi wanaomsingizia mama kwamba alikula kitu fulani au alishika tumbo wakati mbaya wakome. Baka hilo likiwa kwenye paji la uso au kope ya juu, mtoto achunguzwe presha ya jicho na dalili za degedege, kwani linaweza kuambatana na ugonjwa wa Sturge-Weber. Kwenye ngozi nyeusi baka hili ni rahisi kupita bila kuonekana, na ndiyo maana mwanga wa kutosha na macho yaliyofunzwa ni sehemu ya vifaa vya kliniki.

Sasa tutazame ramani. Mtu wa Mamboya ana hospitali ya misheni ya Berega jirani, na Kilosa mjini ipo hospitali ya wilaya. Wa Mikumi ana Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kwa MRI atatazama Benjamin Mkapa, Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam. Treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024 inasimama Kilosa, ila kutoka kijijini hadi stesheni wakati wa masika ni habari nyingine kabisa. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma. Sera hiyo hailipi nauli, chakula wala siku za shamba zinazopotea, na mama asiyejua kwa nini anaharakishwa hatakopa fedha ya safari.

Dawa si kisingizio. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walitangaza kwamba propranolol, dawa ya zamani ya moyo, inasinyaza hemanjioma. Waliigundua nguvu hiyo kwa bahati, walipompa mtoto aliyepata tatizo la moyo wakati akitibiwa uvimbe wa puani. Ni dawa ya bei nafuu. Lakini isinunuliwe duka la dawa kwa kukisia, kwani huweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya kichanga. Hutolewa kwa kipimo cha uzito, baada ya mtoto kunyonya, chini ya uangalizi wa daktari. Na yeyote anayekata, kuchoma au kupaka dawa kali uvimbe wa mishipa ya damu anacheza na uhai wa mtoto.

Mwaka 2021 nchi hii iliingiza shilingi trilioni 1.3 katika mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu yake ilinunua mashine za uchunguzi. Mashine bila mtu wa kumchagua mtoto anayeihitaji ni chuma kilichofunikwa shuka.

Kwa hiyo tunataka mambo yafanyike, na yafanyike mwaka huu. Wizara ya Afya iagize ukaguzi wa ngozi nzima wa mtoto katika hudhurio la wiki ya 6, na matokeo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki. TAMISEMI na Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa zitamke hadharani ni hospitali zipi wilayani zina altrasaundi yenye dopla, nani amefunzwa kuitumia kwa kichanga, na siku gani anapatikana. Picha ya alama ipigwe kwa simu, kwa ridhaa ya mzazi, na itumwe kwa mtaalamu kupitia tiba mtandao ambayo nchi yetu tayari inaitumia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwapo tangu mwaka 1992. Mganga wa zahanati ya Kilosa hana sababu ya kukisia peke yake.

Nawe mama, nawe baba: hudhurio la wiki ya 6 likifika, mvue mtoto nguo mbele ya muuguzi hata kama hujaombwa. Alama ikiwa usoni, shingoni, katikati ya kiuno, au zikiwa 5 na zaidi, usiondoke bila barua ya rufaa mkononi.