Hesabu ya Rupia Viwanjani

"Penye udhia, penyeza rupia," walinena wahenga, lakini hawakusema ni rupia ngapi wala zipenyezwe kwa nani. Swali hilo sasa limewaangukia wanasayansi wa kompyuta, na majibu yao hayafariji.

Chukua shindano la mtoano la timu 16. Mechi zake ni 15. Kwa kuwa kila mechi ina matokeo mawili tu, shindano zima laweza kupita njia 32,768. Timu zikiwa 32, njia hizo huzidi bilioni 2. Wapo wanaodhani kwamba mtoa hongo atapotea katika msitu huo, na hivyo ugumu wa hesabu ni ngome ya mchezo. La hasha! Hahitaji kuipita kila njia. Akishajua nani humshinda nani, na kila timu itadai kiasi gani ili ikubali kufungwa, huandika gharama ndogo kabisa ya kuivusha kila timu raundi ya kwanza, kisha hujengea juu ya tarakimu hizo hizo hadi fainali. Kwa kompyuta, ni kufumba na kufumbua. Mwaka 2009, Tyrel Russell na Toby Walsh walithibitisha kuwa idadi ndogo kabisa ya mechi za kuachiwa yaweza kukokotolewa upesi.

Ugumu, basi, haulindi kitu. Kinacholinda ni ratiba. Mnamo Juni 25, 1982, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani huku Algeria ikiwa imemaliza mechi zake jana yake. Zote mbili zilijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zitafuzu pamoja. Bao likaingia mapema, kisha mpira ukapigwa huku na huko mpaka kipenga cha mwisho. Kiswahili husema mechi "imeuzwa", kauli inayodai pawepo mnunuzi. Gijón hakuthibitishwa mnunuzi yeyote; katika daftari la hongo, gharama ilikuwa sifuri. Algeria ilirudi nyumbani.

Tangu 1986, mechi za mwisho za kila kundi katika Kombe la Dunia huchezwa kwa wakati mmoja. Ajabu ni kwamba FIFA, ilipopanga shindano la 2026 la timu 48, kwanza ilichagua makundi ya timu tatu tatu, ambamo moja haina budi kukaa kando wakati mbili zinamalizana. Makosa yale yale! Ni Machi 2023, katika mkutano wa Kigali, ndipo iliporejea makundi ya timu nne.